Wanaimba vizuri lakini hawanywi: michezo ya kuwazoesha watoto kunywa maji shuleni

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali, shule yetu iko upande wa Igombe, Mwanza, Ziwa Victoria tunaliona dirishani. Nina watoto 62. Ndoo ya maji yaliyochemshwa ipo darasani kila siku, lakini wakiondoka mchana naikuta karibu imejaa. Mapumziko ya saa nne wanakimbilia barafu za rangi na juisi za kwenye vifuko pale getini, na wapo ambao wakitoka shule wanapitia ziwani, wanaoga na kunywa humohumo. Nimewafundisha nyimbo za maji safi, nimewachorea picha ukutani. Wanaimba vizuri sana ila hawanywi. Naomba unisaidie michezo ya kuwazoesha.

Jibu: Marahaba, mwalimu. Hapo uliposema wanaimba vizuri ila hawanywi nimecheka peke yangu, maana hilo nimelikuta shule nyingi za Ilemela na Nyamagana. Mtoto wa miaka mitano anakuimbia beti tatu za usafi wa maji, akimaliza anatoka mbio kwenda kununua barafu nyekundu. Hajakudharau. Kwake wimbo ni wimbo, na kiu ni kitu kingine. Mchezo utakaomzoesha ni ule ambao kunywa kumo ndani yake, kikombe kikafika mdomoni kweli.

Michezo nitakupa. Ila kwanza twende wote hadi kwenye ndoo.

Mtoto wa miaka minne hadi minane anahitaji lita moja na nusu na ushee kwa siku, ukijumlisha na maji yaliyomo kwenye uji, mchuzi, matunda na chakula kingine. Cha kunywa chenyewe ni kama vikombe vitano vya robo lita. Kwa saa anazokaa kwako, vikombe viwili vinamtosha, jua likiwa kali ongeza. Sasa zidisha: nusu lita kwa watoto 62 ni lita 31. Ukiwa na ndoo moja ya lita 20, siku wakianza kunywa haitawatosha, na bado leo unaikuta imejaa. Kwa hiyo usidhani wanakunywa kidogo kidogo. Wengi hawagusi kabisa, na mtoto asiyegusa maji asubuhi nzima ana sababu yake.

Sababu ninayoikuta mara nyingi ni choo. Shule moja ya mlimani, kule ambako nyumba zimekaa juu ya mawe, nilikaa dawati la nyuma asubuhi nzima kuangalia ndoo tu. Msichana mmoja akaja, akachota, akalowesha midomo, akayarudisha maji ndani ya ndoo (hilo nalo ni tatizo, nitalifikia). Baadaye nikamwita pembeni nikamuuliza. Akaninong'oneza: "Nikinywa nitakojoa." Choo chao hakikuwa na mlango, kipande cha kanga kilichotundikwa kilishaanguka, na ruhusa ya kwenda ilitolewa mara moja tu, wote kwa pamoja. Mtoto alikuwa amepiga hesabu yake vizuri kutuzidi sisi wakubwa. Mchezo wowote ungeshindwa pale. Tulichofanya ni kutundika pazia jipya, kusogeza kibuyu chirizi cha kunawia mikono karibu na mlango, na mwalimu akakubali mtoto aende bila kuomba, mradi achukue kijiti kilichowekwa dirishani na kukirudisha. Kijiti kikiwa hakipo, unajua kuna mtu chooni. Watoto wakakigeuza kijiti kuwa mchezo, ikabidi waambiwe choo si mahali pa kutembelea.

Sababu ya pili ni harufu. Onja maji yako mwenyewe, mwalimu, kwa kikombe kilekile wanachotumia wao. Maji yaliyochemshwa kwenye kuni yana moshi. Yaliyowekwa dawa ya klorini yana ukali puani, hasa yakinywewa mapema. Fuata kipimo cha kwenye chupa ya dawa, subiri nusu saa, kisha yamimine mara mbili tatu kutoka chombo safi hadi chombo safi kingine, ukali unapungua. Na ndoo ikiwa iliwahi kubeba dagaa au rangi ya ukuta, mtoto atainusa hata ukiiosha mara kumi. Mimi hupenda mtungi wa udongo. Maji yake ni ya baridi bila friji, kwa sababu udongo unatoa unyevu kidogo kidogo na unyevu ukikauka unachukua joto. Mtoto akishaonja maji ya mtungini siku ya jua, barafu ya getini inapata mpinzani wa kweli.

Ila mtungi uwe na mfuniko na kata yenye mpini mrefu, na achote mtu mmoja, wewe au kiranja wa maji wa siku hiyo. Ndoo iwe na koki. Kile kikombe kimoja kilichofungwa kamba kinachopita midomo 62 kiondoe leo hiihii. Kila mtoto aje na kikombe chake cha plastiki au chupa tupu, na hapo ndipo mchezo wa kwanza unaanzia.

Kila mtoto aweke alama yake kwenye chombo chake: uzi wa rangi, kipande cha kitenge kilichofungwa shingoni mwa chupa, au mchoro wa samaki, kasia, jogoo, mwezi. Jina usiandike, wengi bado hawasomi. Kisha unacheza "Nani ananiita?" Unavipanga vyombo mbele, unainua kimoja bila kusema, mwenyewe anaruka na kulia kama kitu alichochora, anakuja, anajaziwa, anakunywa mafunda matatu mbele ya wenzake, anarudi. Kwa watoto 62 unafanya kwa vikundi, la sivyo utafika saa sita. Mchezo huu unawafundisha pia jambo ambalo sijasikia likisemwa darasani: usinywe kwenye chupa usiyoijua. Nyumbani kwetu mafuta ya taa yanakaa kwenye chupa ya soda, na dawa ya kufulia kwenye chupa ya maji ya kununua. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Akizoea kutafuta uzi wake mwekundu kabla ya kunywa, una kitu cha kumlinda hata ukiwa haupo.

Mchezo wa pili ndio ninaoupenda kuliko yote, na wanaujua tayari nusu yake. Si unakumbuka ule wa "nyama, nyama, nyama"? Kiongozi anataja mnyama, anayeliwa watoto wanaruka na kuitikia, asiyeliwa wananyamaza. Sasa badilisha. Kiongozi anaita "Maji, maji, maji!" Wanaitikia "Maji!" Anasema "Ya kuchemsha!" wanaruka: "Maji!" "Ya mtungini!" wanaruka. "Ya dimbwini!" kimya, wanachuchumaa. "Ya mtaro wa mtaani!" kimya. Atakayekosea hatolewi nje wala hachekwi, anakuwa kiongozi. Kila baada ya miito mitano kuna mwito wa "Funda!" na hapo wote wanakunywa, pamoja na wewe. Usidanganye kikombe, wanakuangalia.

Mara ya kwanza nilipouchezesha karibu na mwalo mmoja wa wavuvi, niliita "Ya ziwani!" nikitegemea kimya. Nusu ya darasa ikaruka. Nikasema, hapana jamani, ya ziwani hatunywi. Kijana mmoja, shati limefungwa vifungo upande, akanijibu bila woga: "Sisi tunakunywa kila siku, na bibi yupo." Nikakosa la kusema. Baba yake analala ziwani, ndoo ya nyumbani inatoka ziwani, na mimi nimekuja na gari kumwambia kwao wanakosea. Tena hata maji ya bomba ya Mwanza mjini yanatoka ziwa hilohilo, yanachukuliwa Capri Point na Butimba, yanasafishwa, yanapandishwa mlimani. Ziwa ni moja. Kinachotofautiana ni kazi iliyofanywa kati ya ziwa na kikombe.

Tangu siku hiyo nikaubadilisha mchezo. Kiongozi akisema "Ya ziwani!" watoto hawaruki wala hawachuchumai, wanamuuliza kwa sauti moja: "Yamefanywa nini?" Naye lazima ajibu. "Yamechemshwa!" wanaruka. "Yamewekwa dawa!" wanaruka. "Yamechotwa tu!" wanachuchumaa. "Yamechujwa kwa kanga!" hapo patamu, kila mtu anamwangalia mwenzake. Jibu sahihi ni kuchuchumaa, kwa sababu kitambaa kinaondoa tope na takataka, vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo vinapita au vinabaki vya kutosha kuumiza. Kuchuja ni hatua ya kwanza, kisha yachemke mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja. Huku kwetu tuko mita elfu moja na mia na kitu juu ya usawa wa bahari, dakika moja inatosha. Mzazi asiyemudu mkaa wa kuchemshia kila siku anaweza kuanika maji maangavu kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, juani, kwa saa sita. Kukiwa na mawingu mazito, siku mbili mfululizo. Na mawe yetu ya Mwanza yanavyowaka moto mchana, kuegesha chupa juu ya jiwe ni kazi ambayo mtoto wa miaka sita anaifurahia. Yakiwa na tope, kwanza yatulie na kuchujwa, jua halipenyi kwenye tope.

Kitu kimoja usikiingize kwenye "wanaruka" kwa hali yoyote: maji yenye utando wa kijani, kama rangi iliyomwagika, unaojikusanya ghubani na ufukweni nyakati fulani. Ule ni mwani wenye sumu, na sumu yake kuchemsha hakuiondoi. Wafundishe neno moja tu, "kijani, rudi," na wawaambie nyumbani wachote mahali pengine.

Sasa hao wanaopitia ziwani. Hapa nakuomba utenganishe mambo mawili ambayo nyimbo nyingi zinayachanganya. Kunywa maji ya ziwa mabichi kunaleta kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Kichocho kinaingia kwa njia ya ngozi: vimelea vinatoka kwenye konokono walioko majini karibu na matete, vinatoboa ngozi ya mtoto anayeoga, anayefua au anayechota akiwa amesimama majini. Nimekutana na watoto waliofundishwa kwamba usipomeza maji hupati kichocho, wanaoga mdomo umefumbwa. Jasiri kabisa, na wana kichocho. Huku ufukweni kinachotawala ni cha tumbo, hutakiona kwenye mkojo. Kile cha mkojo wenye damu kiko zaidi mbali na ziwa, kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga. Siku ya kugawa dawa za kichocho shuleni hakikisha wamekula kitu kabla ya kumeza, tumbo tupu ndilo linalowafanya watapike na kuichukia dawa.

Mkojo nimeutaja kwa sababu nyingine pia. Kuna mchezo mdogo wa visanduku viwili, kimoja kimepakwa rangi ya majani makavu, kingine rangi ya njano ya maji ya limau. Mtoto akitoka chooni anaweka kizibo kwenye sanduku linalofanana na alichokiona. Vizibo vya sanduku la majani makavu vikizidi kabla ya saa nne, darasa zima linakunywa. Hakuna anayetajwa jina. Ila wape na kanuni hii: ukiona nyekundu, huweki kizibo popote, unakuja kuninong'oneza mimi. Huyo ni wa kituo cha afya, maji peke yake hayamtoshi.

Niliahidi kulifikia lile tatizo la maji kurudishwa ndani ya ndoo, na mikono kuingia humo. Ponda chaki ya bluu iwe unga, mpake mtoto mmoja kiganjani bila wenzake kuona. Mwambie akachote maji kwa kikombe kwenye beseni jeupe, kikombe kizame na vidole vizame. Kisha mwite wa pili, wa tatu, wa nne. Usiseme kitu. Kwenye wa tano hivi utasikia mtu anasema, "Mwalimu, maji yameingia bluu!" Waache watafute mwenye bluu, wanyooshe viganja, wakute na wao wameshapata kidogo. Halafu mrudie tena kwa kata, mkono ubaki juu, na beseni libaki jeupe. Maji hayo yamwage kwenye miche. Dakika kumi, na huhitaji neno "bakteria" hata mara moja.

Kuhusu mapumziko: rede. Wakati wa rede aliyepigwa mpira hutolewa akakaa. Kwenu aliyepigwa asikae, aende "kisimani", yaani kwenye mtungi chini ya mwembe, anywe mafunda matatu, arudi mchezoni. Mpira uwe wa makaratasi na soksi, hawa ni wadogo. Utaona wengine wanatega mgongo wapigwe. Lakini nakukataza kitu kimoja, mwalimu: usishindanishe nani amekunywa vikombe vingi au nani amemaliza haraka. Maji mengi mno kwa mpigo yanazimua chumvi ya damu na yanaweza kumdhuru mtoto vibaya, achilia mbali kutapika. Mafunda machache, mara nyingi.

Getini sasa. Yule mama wa barafu huenda ni mzazi wa mmoja wa hao 62, kwa hiyo usianze kwa kumfukuza. Muulize kwa heshima maji ya barafu ameyatoa wapi, kwa sababu kugandisha hakuui vijidudu, vinalala tu. Nimeona mama mmoja akibadili akawa anauza machungwa yaliyomenywa na vipande vya tikiti kwenye beseni lililofunikwa, na hakupungukiwa. Mwingine alinifukuza mimi.

Kwa watoto wenyewe, cheza duka. Kusanya chupa tupu za soda, za juisi na za maji, pesa ziwe vizibo. Kila anayenunua anapimiwa kilichomo: soda ya kola ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, sawa na vijiko tisa vya chai. Chupa ya maji, sifuri. Mtoto anapokea chupa yake na sahani yenye vijiko hivyo, anavihesabu mwenyewe, na kuhesabu hadi tisa ni somo lako la hisabati hapohapo. Tumia mchanga mkavu. Mimi mara ya kwanza nilitumia sukari kweli, nikageuka kuandika ubaoni, nikirudi sahani zimelambwa zote na darasa linaniangalia kama malaika. Ukitaka kuwaambia wazazi, kipimo kinachopendekezwa kwa mtoto ni chini ya gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, maana yake soda moja imeshapita. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu usivipe hata nafasi dukani. Vina kafeini, na chupa nyingi zenyewe zimeandikwa kwamba si vya watoto.

Chai ya rangi ni ya kuzungumza na wazazi, watoto hawana kosa. Ikinywewa pamoja na maharage au mchicha inazuia mwili kuchukua madini ya chuma, na watoto wa huku damu yao tayari inagombaniwa na malaria, minyoo na kichocho. Isogezwe mbali na mlo, au asubuhi apewe uji.

Wewe usianze yote kwa pamoja. Jumatatu ijayo shughulikia choo, kijiti na mtungi, na uongeze ndoo ya pili. Wiki hiyo cheza alama za chupa tu. Wiki ya pili ingiza "Yamefanywa nini?" na uucheze kila siku, dakika tano kabla ya mapumziko, mpaka wauchoke wenyewe. Chaki na duka ni vya siku moja moja, vikirudiwa kila siku vinapoteza utamu. Ijumaa mtungi na ndoo vimwagwe, vioshwe kwa sabuni na maji safi, ndoo zilale kifudifudi juani hadi Jumatatu. Kazi hiyo wape walio wakorofi zaidi, wana nguvu na wanapenda kuloa.

Na usishangae bibi wa mtoto akija shuleni kulalamika. Mmoja alitufuata akasema mjukuu wake amekataa kikombe mbele ya wageni, amemkazia macho na kumuuliza: "Yamefanywa nini?"